UZI: Gesi za nusu kaputi zinaulinda moyo au zinauumiza? Twende taratibu

NusuKaputi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Kuna uzi humu wa mzee aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume, siku ya pili akapata shambulio la moyo. Mchangiaji mmoja akahitimisha kwamba "gesi ndiyo iliyommaliza, wangempa ya mshipani angepona". Sikutaka kubishana kwenye msiba wa watu. Ila dai lenyewe limenikaa kichwani, maana kwenye fani yetu ubishi uko kinyume kabisa: tangu miaka ya 1970 kuna watu wanahangaika kuonyesha kwamba gesi hizo zinaulinda moyo. Mimi ni mtu wa usingizi, yule anayekaa kichwani mwa mgonjwa wakati wapasuaji wanaendelea na yao. Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite tu.

Nikisema gesi nina maana ya zile anazovutishwa mgonjwa kwenye mashine: halotheni, isoflureni, sevoflureni, desflureni. Chupani ni kimiminika, na veporaiza ya kwenye mashine ndiyo inayoyageuza kuwa mvuke. Sevoflureni ikifika takriban asilimia 2 ya hewa anayovuta, nusu ya watu wazima hawatikisiki kisu kikipita. Desflureni inahitaji karibu 6, halotheni haifiki hata 1. Ile gesi ya kuchekesha siihesabu hapa. Upande wa pili wa ubishi kuna propofoli, ile dawa nyeupe ya mshipani.

Sasa moyo unaumiaje? Msuli wa moyo hauna akiba ya maana. Mshipa wa korona, yaani ule unaoulisha damu msuli wa moyo wenyewe, ukiziba, oksijeni inakata, seli inahamia njia ya dharura inayozalisha asidi, nishati inashuka, kalsiamu inajaa ndani. Kwenye dakika 20 hivi seli za kwanza zinaanza kufa. Mtu angedhani damu ikirudi basi mambo yamekwisha. Wapi! Umeme ukikatika kwa saa tatu friji haiungui. Kinachoiunguza ni umeme kurudi kwa kishindo, ndiyo maana watu hununua kile kidude cha kuilinda. Damu inaporudi, oksijeni inaingia kwa ghafla, mitokondria (vile vinu vya nishati ndani ya seli) zinamwaga kemikali kali za oksijeni, na kwenye utando wake kunafunguka tundu ambalo siku zote huwa limefungwa. Likibaki wazi, mitokondria inavimba na kupasuka, na seli imekwenda. Karibu kila utafiti wa kulinda moyo unaishia kwenye swali hilo moja: tundu lile lisifunguke, tufanye nini?

Naendelea chini.

NusuKaputi

Mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer walichukua mbwa, wakafunga mshipa wa korona dakika 5, wakafungua dakika 5, wakarudia mpaka mara nne. Kisha wakaufunga dakika 40 mfululizo. Kundi jingine la mbwa lilipata zile dakika 40 tu, bila utangulizi wowote. Akili ya kawaida inasema walioteswa mara nyingi ndio wataumia zaidi. Kumbe msuli uliokufa kwao ulikuwa robo tu ya ule wa wenzao. Moyo ulioonja shida kidogo ulijiandaa kwa shida kubwa.

Lakini walipoufunga kwa saa 3 badala ya dakika 40, faida yote ikapotea. Shikeni hilo, litatusaidia mbele: ulinzi huu unachelewesha kifo cha seli. Damu isiporudi mapema, hakuna maandalizi yatakayokuokoa.

Na maandalizi yenyewe hayadumu. Yana nguvu saa moja mbili za mwanzo, yanapotea, halafu yanarudi kwa kiasi kuanzia kama saa 24 baadaye na kubaki siku mbili tatu.

Tatizo ni moja. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayeziba mshipa wa moyo wa mtu makusudi mara nne eti anamwandaa. Kwa hiyo watu wakaanza kutafuta dawa itakayoudanganya moyo uone kama umeshapata shida. Hapo ndipo gesi zetu zinapoingia.

Kipanga_Mweusi

Nafuatilia, mkuu. Leta vitu.

NusuKaputi

Twende.

Dalili za kwanza zilionekana hata kabla ya Duke. Mwaka 1976 Bland na Lowenstein, Boston, walifunga mishipa ya moyo ya mbwa na kuona kwamba halotheni inapunguza mabadiliko ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) yanayoashiria msuli kukosa damu. Maelezo ya wakati ule yalikuwa mepesi: gesi inashusha presha na kupunguza nguvu ya mapigo, kwa hiyo moyo unafanya kazi kidogo na kudai oksijeni kidogo. Ni kweli, ila si yote. Mwaka 1988 David Warltier na wenzake kule Milwaukee waliona kwamba mbwa waliopewa halotheni au isoflureni, msuli wao ulirudi kufanya kazi vizuri baada ya mshipa kufunguliwa, na wale wasiopewa walibaki na msuli uliozubaa.

Kazi niipendayo ni ya 1997, palepale Milwaukee, Judy Kersten akiwa mbele. Waliwapa mbwa isoflureni, wakaizima, wakasubiri itoke, ndipo wakafunga mshipa. Presha imesharudi, gesi haipo tena. Ile hoja ya "moyo umepumzishwa" imekufa hapo. Na bado msuli uliokufa ulikuwa takriban nusu ya ule wa wasiopewa gesi. Seli ilikuwa inakumbuka.

Kisha wakafanya la ujanja zaidi: mbwa wengine wakapewa glibenklamaidi kwanza. Ndiyo, hiyohiyo ya kisukari. Ulinzi ukafutika. Sababu ni kwamba dawa hiyo inafunga vijilango vya potasiamu ambavyo kwenye kongosho vikifungwa insulini inatoka, lakini kwenye moyo vinatakiwa vifunguke ili ulinzi uanze. Njia ikajulikana: gesi inaamsha vipokezi vya adenosini, vinaamsha kimeng'enya kiitwacho PKC, vijilango vya potasiamu vinafunguka, mitokondria zinatoa kemikali za oksijeni kidogo tu, kiasi cha kuushtua mwili, na lile tundu linakuwa zito kufunguka damu inaporudi. Ndicho kile kidude cha kulinda friji, watu wakaamini kiko ndani ya mashine ya usingizi tayari, bila gharama ya ziada.

Mkumbuke pia kwamba miaka ya 1980 isoflureni ilikuwa inaogopwa. Kulikuwa na madai kwamba inatanua mishipa mizima ya moyo na kuinyang'anya damu ile iliyoziba. Miaka kumi baadaye dawa ileile ikawa mkombozi. Fani yetu ina vituko.

Mfupa_Mgumu

Kwa hiyo mkuu mgonjwa wa moyo akivuta hiyo kitu nyumbani kila Jumamosi anajiandaa? 😂 Nauliza kwa niaba ya rafiki.

NusuKaputi

Rafiki yako mwambie atakufa. Sicheki. Gesi hizi zinazima upumuaji na kuporomosha presha, ndiyo maana kuna mtu mzima amekaa hapo anaangalia kila pigo la moyo tangu mwanzo mpaka mwisho. Na ulinzi wenyewe nimesema haudumu. Tuendelee.

NusuKaputi

Binadamu sasa. Upasuaji wa kupandikiza mishipa ya korona ulikuwa uwanja mzuri wa kujaribia, kwa sababu moyo unasimamishwa, unakaa bila damu kwa muda unaojulikana, kisha damu inarudishwa. Yaani ajali yote imepangwa kwa saa. Stefan De Hert na wenzake wa Antwerp, Ubelgiji, walilinganisha sevoflureni na propofoli. Mwaka 2002 wakaripoti kwamba waliopewa sevoflureni walikuwa na troponini ndogo baada ya upasuaji na moyo wao ulipiga vizuri zaidi. Kwa asiyejua, troponini ni protini ya ndani ya msuli wa moyo. Ikionekana nyingi kwenye damu ujue kuna seli zimevunjika. Mwaka 2004 wakagawa wagonjwa makundi manne: propofoli mwanzo mwisho, sevoflureni kabla tu ya mashine ya moyo na mapafu, sevoflureni baada tu ya mishipa kumaliza kuunganishwa, na sevoflureni mwanzo mwisho. Kundi la mwisho ndilo lililofanya vizuri zaidi. Zurich nao, 2003, wakapata matokeo ya mwelekeo huohuo wakitumia kipimo kingine cha moyo kuelemewa.

Halafu 2007 Giovanni Landoni wa Hospitali ya San Raffaele, Milano, na wenzake wakakusanya tafiti 22 ndogondogo zenye wagonjwa 1,922. Shambulio la moyo: asilimia 2.4 kwa waliopewa gesi, 5.1 kwa waliopewa ya mshipani. Vifo: asilimia 0.4 dhidi ya 1.6.

Mwaka huohuo mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani ukaandika kwamba hata kwenye upasuaji usio wa moyo, gesi inaweza kuwa na faida kwa mgonjwa aliye kwenye hatari na ambaye presha yake imetulia.

Sauti ya Nyikani

Kwa hiyo jibu limepatikana! Vifo mara nne! Sasa kwa nini hospitali bado zinatumia hiyo propofoli? Hapa kuna mchezo wa makampuni ya dawa, nyie watu hamtaki kusema tu. Ndugu zetu wanakufa.

MamaTausi

Jamani hapo nimeogopa. Mama yangu anasubiri kubadilishiwa vali ya moyo, kile kilango cha kupitisha damu. Niwaambie madaktari nataka gesi? Naomba jibu, daktari.

Kipanga_Mweusi

Dada MamaTausi subiri kwanza, usimpigie mtu simu. Sauti ya Nyikani nawe shusha pumzi. Makampuni yanauza gesi na propofoli zote mbili.

Mkuu NusuKaputi, nina maswali. Mimi si daktari, nafanya kazi ya takwimu. Wagonjwa 1,922 kwa tafiti 22 ni wastani wa chini ya 90 kila utafiti. Asilimia 0.4 na 1.6 ya vikundi vya namna hiyo ni watu wangapi? Kama wanne upande huu na kumi na wanne upande ule, basi wagonjwa wachache tu wakihama upande, hadithi yote inabadilika. Pia tafiti ndogo zikitoa jibu baya mara nyingi zinabaki kabatini, hazichapishwi. Na troponini siyo mgonjwa. Troponini kushuka ni habari njema kwa maabara. Ndugu wa mgonjwa anauliza kama mtu wake amerudi nyumbani.

NusuKaputi

Kipanga umenipora uzi, na umelenga palepale. Hesabu yako ya vifo ndiyo yenyewe: 4 kwa 14.

Sasa raha ya hadithi ni kwamba mtu aliyeliona hilo mapema ni Landoni mwenyewe. Angeweza kukaa na matokeo yake ya 2007 akazunguka nayo kwenye makongamano mpaka anastaafu. Badala yake akaongoza jaribio kubwa la kujihakiki, MYRIAD: hospitali 36, nchi 13, wagonjwa wa kupandikizwa mishipa ya korona waliopangwa kwa bahati nasibu, gesi huku, mshipani kule. Walipanga kufikisha wagonjwa 10,600. Walipofika 5,400 wasimamizi wakaangalia takwimu, wakasema simamisheni, hata mkiendelea mpaka mwisho hakuna jibu tofauti litakalotoka.

Yalichapishwa 2019. Waliofariki ndani ya mwaka mmoja: asilimia 2.8 upande wa gesi, 3.0 upande wa mshipani. Hapo hakuna tofauti ya kuzungumzia. Mashambulio ya moyo nayo hayakutofautiana.

Upasuaji usio wa moyo ulikuwa umeshatoa ishara. Mwaka 2012 timu ya Basel, Uswisi, ililinganisha sevoflureni na propofoli kwa wagonjwa 385 wenye hatari ya moyo, wakatoka suluhu. Mwaka 2014 ule mwongozo wa Marekani ukabadilika kimyakimya: tumia gesi au tumia ya mshipani, zote sawa.

Kwa hiyo MamaTausi, hapana, dada yangu. Usiende kudai gesi. Nitakujibu vizuri chini, ngoja nimalizane na hawa.

Sauti ya Nyikani

Sasa wametesa mbwa miaka yote hiyo ili waje kutuambia hakuna tofauti? Si bora wangejenga zahanati.

Mfamasia wa Kona

Tofauti ya mbwa na binadamu mimi naiona hapa dirishani kila siku. Mbwa wa maabara ni kijana, hana kisukari, hanywi dawa yoyote, mishipa yake ni safi. Mgonjwa wa mishipa ya korona ana miaka 65, sukari imempanda, anakunywa dawa nne tano. Na kati ya hizo kuna glibenklamaidi, ambayo mkuu kaitaja hapo juu kwamba inaufuta ulinzi. Watu wetu wengi wa kisukari wako kwenye hiyo dawa kwa sababu ni bei nafuu. Swali langu kwa NusuKaputi: inatakiwa iachwe siku ngapi kabla ya upasuaji?

NusuKaputi

Mfamasia umeeleza vizuri kuliko mimi. Na siyo glibenklamaidi peke yake: sukari iliyo juu yenyewe inazima ulinzi kwenye wanyama, na uzee pia unaudhoofisha. Halafu kuna wagonjwa ambao kwa wiki nzima kabla ya upasuaji wanapata maumivu ya kifua yanayokuja na kuondoka. Hao moyo wao umeshajiandaa wenyewe, gesi itaongeza nini? Ongeza dawa za jamii ya mofini tunazowapa wote, ambazo nazo zinaamsha njia hiyohiyo. Ongeza maji baridi yenye potasiamu ambayo wapasuaji wanausimamishia moyo siku hizi, yanalinda kweli. Ukishapanga ulinzi wote huo, nafasi iliyobaki kwa gesi ni ndogo.

Kuhusu kuacha: dawa za kumeza za jamii hiyo kwa kawaida hazinywewi asubuhi ya upasuaji, lakini sababu kuu ni kwamba mgonjwa hajala na sukari inaweza kuporomoka akiwa amelala, tusijue. Asibadilishe mtu dozi yake kwa sababu ya uzi wa mtandaoni. Timu inayomfanyia upasuaji ndiyo itakayompa ratiba, na kisukari kisichodhibitiwa kina madhara makubwa kuliko faida yoyote ya gesi niliyoitaja humu.

Sauti ya Nyikani, hoja yako ya mbwa siibezi, kuna majaribio ya enzi zile ambayo hata mimi yananikera. Ila siyo kweli kwamba hakikupatikana kitu. Mpaka 1986 wengi waliamini seli ya moyo iliyokosa damu haina la kufanya zaidi ya kungoja kufa. Leo tunajua ina njia ya kujitetea, na vituo vingi vya njia hiyo vimeshatambuliwa.

Ziwa Kuu

Hujambo daktari, mimi niko Kisumu, nasomea clinical medicine, mwaka wa mwisho. Kuna kitu nataka kuongeza. Kuna wale waliojaribu kufunga mkono wa mgonjwa kwa kile kitambaa cha kupimia presha, wanakijaza hewa dakika tano, wanafungua, wanarudia, wakisema mkono ukikosa damu moyo unapata ujumbe. Tulifundishwa kwamba majaribio mawili makubwa ya 2015, ERICCA na RIPHeart, hayakuona faida yoyote kwa upasuaji wa moyo. Lakini mwalimu wetu alisema wagonjwa wa majaribio hayo karibu wote walilazwa na propofoli, na kuna wanaoamini propofoli inaukatiza ule ujumbe. Si hiyo inamaanisha propofoli ndiyo mbaya?

NusuKaputi

Karibu sana kijana wa Kisumu. Mwalimu wako yuko sawa, hoja hiyo ipo na haijaokotwa barabarani. Lakini iweke mbele ya MYRIAD uone. Kama propofoli ingekuwa inauvua moyo nguo namna hiyo, wagonjwa karibu 2,700 waliopewa dawa za mshipani wangetuonyesha. Hawakutuonyesha. Propofoli inaweza kuwa inaharibu jaribio la mkono na bado isimdhuru mgonjwa.

Mfano mwingine wa karibu na sisi ni ketamini, dawa nyingine ya usingizi ya sindano, maana huku kwetu ndiyo kimbilio hospitali ikiwa haina mashine ya maana. Düsseldorf, 2001, walionyesha kwa sungura kwamba ketamini ya kawaida inazuia moyo kujiandaa. Nimewahi kusikia mtu akiutumia utafiti huo kusema ketamini isipewe mgonjwa wa moyo. Kuna sababu nyingine halali za kuwa mwangalifu na ketamini kwa mgonjwa wa mishipa ya korona, inapandisha presha na mapigo. Hiyo inatosha. Sungura wa Düsseldorf waachwe wapumzike.

Mjukuu wa Ngariba

Mkuu vipi halotheni? Hospitali ya wilaya niliyopita mafunzo ilikuwa nayo hiyo tu. Na wewe umesema inalinda.

NusuKaputi

Inalinda kwenye maabara kama ndugu zake. Lakini halotheni ina tabia nyingine: inaufanya moyo uwe mwepesi kuchanganyikiwa adrenalini ikipanda, mapigo yanavurugika, na mara chache inaunguza ini vibaya. Ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1956 kule Manchester, na kwa wakati ule ilikuwa ukombozi, maana kabla yake watu walilazwa kwa etha inayoshika moto. Nchi tajiri zimeshaiacha. Ukiwa na isoflureni, tumia isoflureni. Ukiwa na halotheni peke yake, mlaze mgonjwa taratibu, usimwache apumue vibaya, na mpasuaji akitaka kuchoma adrenalini eneo la kidonda akwambie kwanza dozi.

Desflureni kwetu ni nadra, bei yake na veporaiza yake ya umeme si mchezo. Huko Ulaya wanaikimbia kwa sababu nyingine, inachafua anga kupita wenzake wote.

Sasa MamaTausi.

Tafiti nyingi nilizotaja ni za mishipa ya korona. Kwetu Afrika Mashariki wagonjwa wengi wanaofunguliwa moyo, iwe Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iwe Nairobi au Kampala, wana vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, au ni watoto waliozaliwa na tundu kwenye moyo. Kwenye vali ushahidi wa gesi ni mwembamba zaidi. Timu ya Antwerp iliona troponini ikishuka kwa waliobadilishiwa vali ya aota mwaka 2006, lakini kwenye vali ya mitrali majaribio hayakuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo anayemlaza mama atachagua kwa mambo mengine: mashine aliyonayo, presha ya mama, mapafu yake, na dawa ambayo mkono wake umeizoea. Mtaalamu aliyezoea propofoli usimlazimishe gesi, na aliyezoea gesi usimlazimishe propofoli.

Na yule mzee wa tezi dume aliyetuleta hapa: mashambulio mengi ya namna hiyo yanakuja baada ya upasuaji, mtu yuko wodini, presha imeshuka, damu imepungua, mapigo yanakimbia kwa maumivu. Saa hizo gesi imeshatoka mwilini zamani. Ningetafuta huko kabla ya kuitafuta kwenye veporaiza.

Kipanga_Mweusi

Na zile dawa za kupunguza mapigo ya moyo? Kuna daktari alimwanzishia baba asubuhi ya upasuaji.

NusuKaputi

Hiyo nayo ilikuwa fasheni, mpaka jaribio la POISE la 2008 lenye wagonjwa 8,351. Walioanzishiwa metoprololi saa chache kabla ya upasuaji walipata mashambulio ya moyo machache kidogo, lakini viharusi na vifo vikaongezeka. Aliyekuwa anaitumia siku zote aendelee nayo, kuikata ghafla ni hatari. Asiyewahi kuitumia asianzishiwe asubuhi hiyo. Ukiona namna nilivyoandika, Kipanga, utaona ni somo lako lilelile: kipimo kimoja kikapendeza, mgonjwa akaumia kwingine.

MamaTausi

Asante daktari, nimepumua sasa. Mama anatumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, na kuna jino linamsumbua. Nesi alisema aende kwa daktari wa meno kabla ya tarehe, mimi nikaona wanatuzungusha tu. Meno na moyo wapi na wapi?

NusuKaputi

Hawawazungushi, dada. Jino bovu linamwaga bakteria kwenye damu, na vali mpya ni mahali wanapopenda sana kujishikiza. Wakishajenga hapo, kuwatoa kunaweza kuhitaji upasuaji mwingine. Mpeleke wiki hii. Ila daktari wa meno aambiwe mapema kuhusu warfarini, apime kwanza damu inaganda vipi kabla hajang'oa, na kliniki ya moyo ndiyo iseme kama warfarini isimamishwe na lini. Mama asiiache mwenyewe.